Mgongo wa Mukandutiye

Mwanamke yule hakupiga hodi. Aliingia uani na beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, akalitua karibu na jiko la mkaa, kisha akanyoosha mikono yake miwili kwa Larissa kama mtu anayedai kilicho chake.

"Lete mutoto."

Larissa alikuwa ameketi kwenye kigoda akinyonyesha. Hakuwahi kumwona mwanamke huyu, si sokoni, si kanisani, si kwenye mpaka wa Goma alikokulia. Alimkumbatia mwanawe Shema kwa nguvu zaidi.

"We ni nani?"

"Nitakuambia kisha. Lete kwanza. Niko nasikia pumzi yake toka kule barabarani. Nilizani ni mbuzi banachinja."

Ni kweli pumzi ya Shema ilisikika mbali. Tangu azaliwe, hewa ilikuwa ikikwaruza ikiingia na kukwaruza ikitoka, kama msumeno kwenye mti mbichi. Akinyonya ndipo ilipozidi. Alimeza mara chache, akaachia chuchu, akatupa kichwa nyuma na kupiga ngumi kifuani pa mama yake kama aliyetukanwa. Kituo cha afya walimpa dawa ya maji ya kikohozi, kisha sindano, kisha dawa ile ile tena. Sasa alikuwa na miezi mitano na mashavu yake yalikuwa hayajajaa. Na mchana ule, pembe za midomo yake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

Larissa hakukumbuka kumtoa. Aliona tu kwamba mikono yake ilikuwa mitupu, na mwanawe amelazwa kifudifudi kwenye mkono wa mgeni, kidevu kikiwa kwenye kiganja chake, uso umeinuliwa kuelekea langoni. Msumeno ukapunguza mwendo. Shema akashusha pumzi ndefu, akafumba macho.

"Naitwa Mukandutiye," mwanamke akasema kwa sauti ya chini. "Natoka Nyamyumba. Mutoto wako hapendi kukunjwa shingo, ni vile tu. Umeona vile anatupa kichwa? Anatafuta hewa. Na usimubebe mugongoni, kule kidevu kinaanguka."

Larissa alijua alipaswa kushukuru, na akashukuru kwa neno ambalo kila mtu wa Rwanda humwambia mwanamke aliyemtendea wema: "Uragaheka." Yaani, na wewe ubarikiwe mtoto wa kumbeba mgongoni.

Uso wa Mukandutiye ulijifunga kidogo, kama dirisha linalovutwa upepo unapoanza.

"Baniambia vile toka niolewe," alisema. "Na mugongo ungali mukavu. Hakuna mutoto hata mumoja aliyeukojolea."

*

Kuanzia siku ile alikuja kila alipomaliza kuuza samaki. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemlipa. Alitua beseni, akanawa mikono kwa sabuni na jivu, akamchukua Shema. Nyumba ikatulia. Narcisse, mume wa Larissa, aliyeendesha Daihatsu ya viazi kati ya Gisenyi na Kigali, alirudi jioni moja akasimama mlangoni akisikiliza ukimya.

"Mungu ametutumia mutu," alisema.

Larissa alikuwa akikoroga ugali. Mwiko ukagonga sufuria.

"Na mimi nani amenituma?"

"Mama Shema, we! Nimesema nini mubaya?"

Hakusema lolote baya, na hapo ndipo penye uchungu. Hakuna aliyesema baya. Mukandutiye mwenyewe alikuwa mpole, mnene kidogo, mwenye pengo kwenye meno ya juu na kicheko cha haraka. Hakujivuna. Hakutoa amri tena baada ya ile ya siku ya kwanza. Kama angekuwa mkali au mwizi, Larissa angemfukuza na kulala vizuri.

Alijaribu kumshika mwanawe vile vile. Aliiga mkono, kiganja, hata namna ya kusimama na mguu mmoja mbele. Lakini Shema akiwa kwake alinusa maziwa, akageuza uso kutafuta ziwa, na akilipata mambo yakaanza upya: anameza, anakabwa, anatupa kichwa, analia. Kwa Mukandutiye hakukuwa na maziwa ya kunusa. Kulikuwa na harufu ya samaki tu, na usingizi. Jioni Larissa alimwogesha Shema mara mbili ili kuitoa harufu ile nyweleni.

Mtoto alianza kugeuza kichwa aliposikia beseni likitua. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza maishani mwake, na alimchekea Mukandutiye. Larissa aliona kwa macho yake. Narcisse aliporudi hakumwambia.

Tena kulikuwa na majirani. Gisenyi mama mchanga hubeba mgongoni. Akienda sokoni, akifagia, akichota maji, kichwa cha mtoto kinachungulia nyuma ya bega, na watu humsalimu mtoto kabla ya mama. Larissa alipita njiani na Shema mikononi kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. Kitenge alicholetewa na mama yake kutoka Goma, cha kijani chenye ndege wa manjano, kilibaki kimekunjwa kabatini. Nyirarukundo, jirani wa ukuta mmoja, hakuwa na ubaya moyoni ila ulimi wake haukuwa na breki.

"Huyu mutoto iko na bahati," alisema mbele ya wanawake kisimani. "Bamama wawili! Mumoja ya maziwa, mumoja ya pumzi."

Wakacheka wote. Larissa naye akacheka, kisha akarudi nyumbani na ndoo nusu.

Siku moja alifunga lango kwa komeo. Alimsikia Mukandutiye akija, akisukuma, akisubiri. "Mama Shema? Muko?" Larissa alinyamaza nyuma ya mlango, mkono wake kwenye kifua cha mtoto kilichokuwa kikivutwa ndani kati ya mbavu kila alipopumua. Hatua zikaondoka. Mchana mzima msumeno ukakata. Jua lilipoanza kushuka, Larissa alitoka akafungua komeo mwenyewe, bila kumwambia mtu, na kesho yake Mukandutiye aliingia kama kawaida na hakuuliza neno.

*

Aliyezungumza kwanza juu ya kirimi alikuwa Mukandutiye.

Kirimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Wazee wengi wa huko huamini kwamba kwa watoto wengine hurefuka, kikaziba pumzi na kuwanyima unene, na kwamba dawa yake ni kukikata. Rugerero kulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa kisu chenye ncha iliyopinda.

"Nimeangalia sana," Mukandutiye alimwambia Narcisse. "Mutoto anakohoa, hashibi, anakoroma. Ni kirimi. Dada yangu alikatwa, akapona."

"Ni kirimi, kabisa," Nyirarukundo akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, ambako hakuna aliyemwuliza.

"Donc tumupeleke Rugerero," Narcisse akasema. "Juu ya nini tunangoja?"

"Hapana," Larissa akasema.

Wote wakamgeukia. Larissa hakuwa na elimu ya koo wala ya kifua. Hata yeye, mtoto wa Goma, alikua akiamini kirimi hukatwa. Kama neno lile lingetoka kwa mama yake mzazi, angekuwa ameshavaa viatu. Lakini lilitoka kwa Mukandutiye, na kitu ndani yake kilikataa kwamba hata ugonjwa wa mwanawe ujulikane kwanza na mwanamke yule.

"Mutoto wangu haendi kukatwa. Anaenda hospitali, kwa dokteri, si kwa muuguzi wa dawa ya kikohozi."

"Mama Shema, mi nilikuwa nasema tu..."

"Umesema, nimesikia. Mutoto ni wangu."

Hivyo ndivyo wivu ulivyomwokoa Shema na kisu cha Rugerero. Larissa hakujisifu kwa hilo hata baadaye, maana alijua hakuongozwa na akili.

Daktari wa hospitali ya mjini alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, mbele na mgongoni. Akamwinamisha kichwa, sauti ikapanda; akamwinua, sauti ikashuka. Akasema hakuwa na mashine ya kuona alichokishuku, na kwamba Shema apelekwe Kigali, akapigwe picha wakati anameza.

"Tutaenda na Mukandutiye," Narcisse akasema. "Njia ni ndefu. Bila ye mutoto hatafika."

Larissa alitaka kubisha, akaishia kukunja nguo za mtoto.

*

Waliondoka alfajiri katika chumba cha mbele cha Daihatsu, viazi vikiwa nyuma: Narcisse kwenye usukani, Larissa dirishani, Mukandutiye katikati akiwa na Shema kwenye mkono wake. Barabara ya Ruhengeri mwaka ule wa tisini na tisa ilikuwa imetulia baada ya vita. Askari kwenye kizuizi walichungulia ndani, wakasikia mkoromo wa mtoto, wakawapungia wapite.

Baada ya Ruhengeri njia ikaanza kujipinda. Mukandutiye alikuwa amekesha akisafisha samaki ili apate nafasi ya safari, na sasa kichwa chake kilidondokea kifuani. Shema alikuwa macho. Alimtazama mama yake, akanung'unika.

Larissa alimwangalia mwanamke aliyesinzia, akamwangalia mumewe aliyekodolea macho kona. Akamtelezesha mtoto taratibu hadi mapajani mwake. Alitaka kitu kidogo tu. Alitaka mwanawe ashibe kwa maziwa yake bila mtu kuwatazama, na Mukandutiye akiamka amkute analala kwa mama yake.

Akamnyonyesha. Shema alikuwa na njaa, akavuta kwa pupa. Gari likaingia kwenye kona, kichwa cha mtoto kikainama mbele. Mkwaruzo ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika.

Kwa miezi yote ile Larissa aliomba sauti ile inyamaze. Sasa ilikuwa imenyamaza, na mtoto mikononi mwake alikuwa amefungua mdomo bila chochote kuingia wala kutoka, uso wake ukigeuka rangi ya zambarau.

"Narcisse! Simamisha! Simamisha!"

Mukandutiye aliamka na mikono yake ikiwa tayari imeshafika. Alimgeuza Shema kifudifudi, akampiga mgongoni kwa kiganja, akarudia. Breki zikalia, viazi vikagonga ubao nyuma yao. Maziwa yakamwagika sakafuni. Kisha, kutoka mbali sana, msumeno ukaanza tena.

Walishuka wakakaa kwenye nyasi kando ya barabara. Narcisse alisimama amewapa mgongo, akijifuta uso kwa shati. Mukandutiye alimpepea mtoto kwa ncha ya kilemba. Hakuuliza alitokaje mkononi mwake. Larissa angependelea atukanwe.

"Akipona," Larissa akasema, "siku ya kwanza ya kubebwa mugongoni, utamubeba we. Kabla yangu mimi. Naapa."

"Usiape, mama Shema. Mutu akiogopa anasema mingi."

"Nimeshaapa."

Mukandutiye alimfunika mtoto miguu kwa ncha ya kilemba.

"Bon," alisema. "Tupande. Mutoto asipate baridi."

*

Dokta Valens wa hospitali ya Kigali alikuwa amerudi nchini kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni. Walimnywesha Shema ujiuji mweupe kama chokaa, wakimshika wima, na mashine ikapiga picha wakati unashuka. Daktari aliibandika picha kwenye taa. Mstari mweupe wa umio ulishuka vizuri, kisha ukabinywa kutoka pande zote mbili, kisha ukaendelea.

"Nipe vidole vyako viwili, mama," alimwambia Larissa. Akavishika vidole vyake vimesimama pamoja. "Hiki kimoja ni bomba la hewa. Hiki kingine ni umio, njia ya chakula. Sasa, moyoni hutoka mshipa wa damu mkubwa kuliko yote. Hupanda, hujipinda upande mmoja, ukashuka. Mtoto akiwa tumboni, mwanzoni kabisa, huwa na mapindo mawili, kulia na kushoto. Baadaye moja hunyauka lenyewe. La Shema halikunyauka. Yamebaki yote mawili, yakakutana nyuma." Akavizungushia vidole vyake pete ya kidole gumba na cha shahada, akakaza. "Ni jambo la nadra. Nimelisoma zaidi ya nilivyoliona."

Larissa aliangalia ncha za vidole vyake zikijaa damu.

"Donc si kirimi?"

"Kirimi hakina kosa lolote."

"Na mimi?" Aliuliza kwa haraka, kabla ujasiri haujamwishia. "Anakataa ziwa langu. Kwa mwingine analala, kwangu analia."

Daktari aliachia pete. "Hakukatai. Maziwa yakishuka, umio hujaa na kulisukuma bomba la hewa, na bomba halina pa kukimbilia kwa sababu pete imelizunguka. Mtoto anachagua kati ya kushiba na kupumua. Hata angenyonyeshwa na malaika, angemsukuma."

Larissa alilia pale pale, kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Lakini alipofungua mlango akamwona Mukandutiye kwenye benchi, Shema akiwa amelala kwenye mkono wake, aligundua kwamba wivu ulikuwa bado upo mahali pake. Ulikuwa umeelezwa, na haukuondoka.

Madaktari wageni wa upasuaji wa kifua walikuwa wanatarajiwa Kigali siku chache baadaye, na Dokta Valens aliahidi kuwaonyesha picha ile kabla ya nyingine zote. Wodini aliruhusiwa kulala mama peke yake. Mukandutiye alirudi na Daihatsu. Kabla ya kupanda alimwonyesha Larissa tena: kiganja hapa, kiwiko pale, maziwa kidogo kidogo kwa kijiko, kichwa juu. Larissa aliitikia. Gari lilipotoka langoni alihisi furaha ikimpanda hadi kooni, na akaona haya mbele ya Mungu, ila furaha haikushuka.

Walimpasua asubuhi ya mvua. Walipita ubavuni kushoto, chini ya kwapa, wakalifunga na kulikata pindo lililokuwa jembamba, na pete ikafunguka. Dokta Valens ndiye aliyetoka kumwambia, kofia ya kitambaa ikiwa bado kichwani, akitabasamu kama mwanafunzi aliyefaulu.

Lakini Shema alipoamka alikuwa bado anakoroma. Larissa alidhani wamemdanganya.

"Bomba lililobanwa muda mrefu huwa laini," daktari alimwambia. "Litakaza lenyewe, mwezi kwa mwezi. Sikiliza vizuri: anakoroma, lakini hapigani."

Akasikiliza. Ilikuwa kweli.

Kidonda kilipoanza kukauka walimruhusu amnyonyeshe. Shema alivuta, akameza. Akavuta tena. Larissa alisubiri kichwa kitupwe nyuma, ngumi zipige. Mtoto alinyonya hadi jicho lake moja likafumba, kisha la pili, na maziwa yakamtiririka kidevuni bila yeye kujali. Alilala chuchu ikiwa mdomoni. Larissa hakujisogeza hata mkono ulipokufa ganzi. Muuguzi alipita na sinia la dawa, akawaangalia, akapitiliza kwa kunyata.

*

Walirudi Gisenyi na onyo moja: Shema asibebwe mgongoni mpaka daktari aone kwamba mbavu na kidonda vimeshikana vizuri.

Mukandutiye alikuja siku hiyo hiyo, beseni likiwa tupu, kilemba kipya kichwani. Alinawa mikono na kuinyoosha. Shema alimtazama, mdomo wake ukapinda, akaangua kilio na kumgeukia mama yake.

Larissa aliinamisha uso ili furaha yake isionekane.

"Amenisahau," Mukandutiye akasema, na akacheka kile kicheko chake cha haraka. "Ni vizuri, mama Shema. Ni dalili ya afya."

Akanywa chai, akaaga. Wiki iliyofuata alipokuja, Larissa alisema mtoto amelala, na mtoto alikuwa kweli amelala, ingawa si usingizi wa kutoamshwa. Wakati mwingine alimpokea akiwa amesimama langoni. Msimu wa sambaza ulikuwa umefika, kazi ilikuwa nyingi kule ziwani, na Mukandutiye akapunguza safari mpaka zikakoma. Hakuwahi kutaja kiapo cha barabarani, hata kwa mzaha.

Shema akanenepa. Alicheka kwa kila mtu, lakini kwa mama yake alicheka kwa mwili mzima. Hakuna aliyesema tena habari za mama wa pumzi.

Kisha wakaenda Kigali kukaguliwa, na Dokta Valens akamgonga Shema mgongoni kwa vidole, akamsikiliza, akasema, "Sasa mbebe kama mama yeyote."

Asubuhi iliyofuata kitenge cha kijani kilitoka kabatini. Nyirarukundo alikuwa ameshaingia uani, amefunga kanga kifuani, tayari kwa vigelegele.

"Haya, inama! Tuone ndege ya Goma ikipaa!"

Larissa aliinama. Shema alikuwa mikononi mwa Narcisse, akirusharusha miguu. Ilibaki kumlaza tu na kufunga fundo. Alikuwa ameiota siku hii kiasi kwamba mgongo wake ulilijua joto la tumbo lile kabla halijaufikia.

Akasimama wima.

"Nini tena?" Narcisse akauliza.

"Nilimuapia Mukandutiye."

"Ile ya njiani?" Nyirarukundo akapiga makofi. "Mutu akiogopa anaahidi hata ngombe ya jirani! Ye mwenyewe ameshasahau."

"Kweli, mama Shema," Narcisse akasema kwa upole. "Ile ilikuwa woga. Mubebe leo, kesho tutamupelekea sukari na kilo ya mchele. Atafurahi."

Larissa alijua walisema kweli. Mukandutiye hangedai. Angefika, angemwona Shema mgongoni pa mama yake, angepiga makofi kuliko wote. Kiapo kile hakikuwa na mlinzi mwingine duniani ila yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera: kama kingekuwa na mdai, angegombana naye.

Alikunja kitenge, akampokea mwanawe, akatoka nacho begani na mtoto mikononi.

"We, lakini utarudi naye mugongoni?" Nyirarukundo akaita.

*

Njia ya Nyamyumba hufuata ziwa. Larissa alikataa pikipiki. Hakutaka kufika upesi. Wanawake waliompita walikuwa na vichwa vidogo nyuma ya mabega yao. Mikono ilimuuma, akambadilisha Shema kutoka upande huu hadi ule, na mara mbili alisimama kwenye kivuli ambapo hapakuwa na mtu yeyote, kitenge kikiwa karibu. Mara zote mbili akaendelea kutembea.

Alimkuta Mukandutiye ufukweni, akitandaza sambaza kwenye wavu wa kuanikia, magamba yakimng'aa mikononi hadi viwikoni. Kunguru walirukaruka pembeni wakivizia.

"Mama Shema! Kuna shida? Mutoto ni mugonjwa?"

"Hapana. Dokteri amesema abebwe mugongoni."

"Asante Mungu!" Akatazama nyuma ya Larissa, akaona mgongo mtupu, kisha akaona kitenge.

"Nilikuapia," Larissa akasema.

"Mi nanuka samaki."

"Anaijua."

Mukandutiye aliingia ziwani hadi magotini, akajisugua mikono kwa mchanga muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni maji. Akainama. Larissa alimlaza Shema kwenye mgongo ule mpana. Mtoto alikunja uso kama anayetaka kulia, na kwa kitambo Larissa alitumaini atalia. Kisha akaweka shavu chini, akavuta harufu, akatulia. Larissa akazungusha kitenge, akakipitisha chini ya makalio ya mwanawe, akakileta mbele, akafunga fundo juu ya kifua cha mwanamke mwingine.

"Kaza kidogo," Mukandutiye akanong'ona. "Naogopa."

Larissa akakaza.

"Bake ba bandugu ya bwana yangu bako pale juu," Mukandutiye akasema, akiashiria nyumba zilizokuwa kwenye mteremko. "Hawajawahi kunipa mutoto wa kwao nimubebe. Banasema mugongo wangu unaleta mukosi. Naweza... nipite naye? Kidogo tu."

Larissa alitazama nyumba zile. Alikuwa ameahidi mgongo tu, si matembezi.

"Nenda," alisema. "Nitakulindia samaki."

Mukandutiye akaanza kupanda, mkono mmoja nyuma chini ya mtoto, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Ndege wa manjano walipanda pamoja naye. Larissa aliisikiliza pumzi ya mwanawe, ule mkwaruzo mdogo uliobaki, ukipungua kadiri walivyokwenda, mpaka wakafika mahali ambapo yeye hakuweza kuusikia tena.

Kutoka juu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kisha wengine wakadakia, na mtu akaita kwa sauti jina la Mukandutiye, si la Larissa.

Kunguru mmoja akatua kwenye ukingo wa wavu. Larissa akaokota fimbo, akamfukuza, akasimama pale pale akilinda.